Kunata, Kukwaruza, Kuzembea na Kukwama: Maradhi ya Vali za Tarumbeta na Tiba Zake

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo machoni pa msomaji wa jarida la Kiswahili, nalo ni vali ya tarumbeta isiyoteremka wala kupanda inavyotakikana. Hata hivyo, mwandishi anakusudia kuonyesha kwamba jambo hili ni la fundi na la mwanalugha kwa pamoja. Aghalabu vali hainati kwa sababu imevunjika, bali kwa sababu imechafuka au imetiwa mafuta yasiyoifaa. Na aghalabu tarumbeta haliuawi na uchafu huo. Huuawa na tiba iliyotolewa kabla ya maradhi kupambanuliwa. Kuyapambanua maradhi ni kuyaita kwa jina lake, na hapo ndipo lugha inapoingia.

Mwandishi wa makala haya alijifunza somo hili kwa hasara ya chombo ambacho hakikuwa chake. Katika shule ya upili alikosoma palikuwa na bendi ndogo, na yeye alipewa tarumbeta kuukuu ambalo vali yake ya pili ilikuwa ikinata. Wiki moja kabla ya siku ya wazazi, mwalimu wa bendi alikuwa safarini, naye alituma ujumbe kupitia kwa kiranja: "Mwambie aisugue mpaka iteleze." Mwalimu alikusudia kitambaa na maji. Mwandishi, kwa kuwa neno lililomfikia lilikuwa ni kusugua, alikwenda katika karakana ya useremala, akaomba kipande cha msasa, akaisugua vali hiyo jioni nzima mpaka ikang'aa.

Siku iliyofuata vali ilikuwa nyepesi ajabu. Siku ya wazazi, wimbo wa taifa ulipoanza, sauti za chini zilitoka zikiwa dhaifu na zenye pumzi, kana kwamba tarumbeta lina kikohozi. Hewa ilikuwa ikivuja ndani ya vali. Chombo hicho hakikupigwa tena. Kilitundikwa ukutani katika ghala la bendi, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyekuwa akingoja zamu yake ya kujifunza akapewa matoazi badala yake. Kwa hiyo, swali linaloongoza makala haya ni hili: ni maneno gani ambayo, kama yangetumiwa siku ile, yangaliliokoa tarumbeta lile?

Vali ilitoka wapi, nayo hufanya nini?

Ala za kupuliza si ngeni katika pwani yetu. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, ambazo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lamu, ni ushahidi wa ukale wa utamaduni huo. Siwa, kama ilivyo pembe au baragumu, haina vali. Mpulizaji hupata sauti zile tu ambazo urefu wa bomba lake unaziruhusu, naye huzibadilisha kwa kukaza au kulegeza midomo. Kati ya sauti moja na nyingine hubaki mapengo ambayo hayawezi kuzibwa kwa midomo pekee. Tarumbeta la Ulaya, ambalo jina lake liliingia katika Kiswahili kutoka Kireno, lilikuwa na upungufu huohuo kwa karne nyingi.

Mnamo mwaka wa 1818, Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walipewa hataza ya vali katika Prussia. Mwishoni mwa miaka ya 1830, fundi François Périnet wa Paris aliiboresha pistoni hadi ikakaribia umbo ambalo tunaliona leo katika matarumbeta mengi. Uvumbuzi huo haukuchelewa sana kufika kwetu. Katika miaka ya 1890, ngoma ya beni ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, ikiiga bendi za kijeshi na kuzigeuza kuwa uwanja wa mashindano ya mitaa. Mwanahistoria Terence Ranger aliichunguza ngoma hiyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka wa 1975. Jeshi la Wokovu, ambalo bendi zake za shaba zinajulikana kote, lilianza kazi nchini Kenya mnamo 1921. Hadi leo ala hizi zinasikika katika bendi za polisi, za jeshi, za makanisa na za baadhi ya shule. Kwa hiyo, lugha ya kuzitunza si anasa, wanaozihitaji wapo.

Kazi ya vali ni kurefusha njia ya hewa. Tarumbeta la kawaida lina bomba la urefu wa takriban mita moja na nusu, lililokunjwa ili liweze kushikika. Kitufe cha vali ya pili kinapobonyezwa, hewa huelekezwa katika bomba dogo la ziada ambalo huongeza urefu huo kwa takriban asilimia 6, na sauti hushuka kwa nusu toni. Vali ya kwanza huongeza takriban asilimia 12, na sauti hushuka kwa toni moja. Vali ya tatu huishusha kwa toni moja na nusu. Kwa kuziunganisha vali hizi tatu kwa namna mbalimbali, mpigaji huyajaza mapengo yaliyomshinda mpulizaji wa siwa. Lakini yote haya hutegemea sharti moja: pistoni iteremke na kupanda kwa kasi ya kidole, na wakati huohuo isiruhusu hewa kupenya pembeni yake.

Sharti hilo lina mvutano ndani yake. Ili pistoni iende kwa kasi, lazima pawe na nafasi kati yake na silinda inamokaa. Ili hewa isivuje, lazima nafasi hiyo iwe ndogo mno. Mafundi huiacha iwe chini kabisa ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na nafasi hiyo nyembamba ndiyo inayojazwa na utando wa mafuta. Msomaji akilielewa jambo hili, ataelewa kwa nini chembe moja ya mchanga inaweza kuikwamisha vali, na kwa nini jioni moja ya msasa inaweza kuiharibu kabisa.

Sehemu za vali na majina yake

Kabla ya kuendelea, inafaa tukubaliane juu ya majina. Neno ala lina maana mbili zinazoweza kutuchanganya hapa: ni chombo cha muziki, na pia ni kifuko cha kuhifadhia kisu au upanga. Mtu angeweza kusema kwamba pistoni hukaa ndani ya ala yake, na angekuwa sahihi, lakini msikilizaji asingejua kama anazungumzia kifuko cha pistoni au tarumbeta zima. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia silinda kwa maana ya mwili wa nje, na pistoni kwa maana ya kipande kinachoteremka na kupanda ndani yake. Vyote viwili kwa pamoja, na vifaa vyake, ndivyo vali.

Juu ya pistoni pana kijiti chenye kitufe cha kubonyezea kidole. Silinda ina kifuniko cha juu na kifuniko cha chini, na vyote viwili hufungwa kwa kuzungushwa. Ndani mna springi, ambayo wazee wa saa wangeiita kamani, inayoirudisha pistoni juu baada ya kidole kuachia. Chini ya kitufe na mahali pistoni inapogotea pana vipande vya felti, yaani kitambaa kizito cha sufi iliyoshindiliwa, vinavyozuia kelele na kupima mwendo wa pistoni. Mwili wa pistoni umetobolewa matundu ya kupitishia hewa, na kando yake pana kipande kidogo cha mwongozo kinachoingia katika mfuo ulio ndani ya silinda ili pistoni isizunguke. Mwisho, kila pistoni ina nambari yake, 1, 2 au 3, iliyochongwa juu yake. Vali ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na kipulizio, yaani kipande kinachowekwa mdomoni.

Vitenzi vinne vya maradhi

Tunapozungumzia istilahi, aghalabu tunafikiria nomino. Ilhali katika kazi ya mkono, kitenzi ndicho kinachoelekeza, na kitenzi kibaya ndicho kinachodhuru. Kiswahili kina vitenzi vinne vinavyoweza kuyapambanua maradhi ya vali kwa ukamilifu, maadamu tutavitumia kwa uangalifu badala ya kusema tu kwamba vali "imeharibika".

La kwanza ni kunata. Vali inayonata husita katika kuteremka na katika kupanda, kana kwamba imo ndani ya asali. Hali hii huwa mbaya zaidi asubuhi, au baada ya chombo kukaa wiki kadhaa bila kupigwa. Chanzo chake ni mate yaliyokauka, sukari iliyotoka mdomoni mwa mpigaji aliyekunywa chai au soda kabla ya mazoezi, na mafuta ya zamani yaliyogeuka utomvu. Tiba yake ni kuosha na kutia mafuta mapya. Kuongeza mafuta juu ya uchafu huifanya vali iteleze kwa muda mfupi tu, kisha huurejesha unato ukiwa mzito zaidi.

La pili ni kukwaruza. Hapa kidole huhisi chembechembe, na pengine sikio husikia mchakacho mdogo pistoni inapopita. Chanzo huwa mchanga au vumbi lililoingia chombo kilipowekwa chini uwanjani, ukoga wa chokaa ulioachwa na maji magumu, au kutu ya kijani ya shaba. Katika hali hii mpigaji anapaswa kuacha kupiga mara moja, kwa kuwa kila anapobonyeza, chembe hizo hufanya kazi ya msasa. Tiba yake ni kusuuza kabla ya kupangusa. Ukipangusa kwanza, utaziburura chembe hizo juu ya pistoni na kuichora mistari isiyofutika.

La tatu ni kuzembea. Vali inayozembea huteremka vizuri lakini hupanda polepole, au hubaki nusu njia. Ikiwa tayari imesafishwa na kutiwa mafuta, shuku springi. Zitoe springi zote tatu, zisimamishe kando kwa kando juu ya meza, uzilinganishe. Iliyochoka huwa fupi kuliko wenzake, au imepinda kiuno. Wapo wanaoivuta springi kwa vidole ili irefuke. Hiyo ni tiba ya siku moja, na mara nyingi huipinda springi ikaanza kukwaruza silinda. Afadhali kununua springi mpya, na ni vyema zaidi kuzibadilisha zote tatu kwa pamoja ili vidole visihisi tofauti.

La nne ni kukwama. Vali iliyokwama haisiti tu. Husimama, na tena husimama mahali palepale kila mara, hata baada ya kusafishwa. Hii ni dalili ya umbo lililobadilika: silinda imebonyea baada ya chombo kugongwa, kijiti kimepinda, au pistoni iliwahi kuanguka sakafuni. Pengine chanzo ni chepesi zaidi, kwamba mtu alizisafisha vali kwa pamoja kisha akazirudisha katika silinda zisizo zake. Nafasi ile nyembamba tuliyoitaja hupimwa kwa kila pistoni na silinda yake, kwa hiyo pistoni ya kwanza haiwezi kuazimwa kwa silinda ya tatu.

Kabla ya kutoa hukumu ya kukwama, ni lazima kufanya jaribio moja. Bonyeza kitufe kwa ncha ya kidole, ukikiteremsha moja kwa moja kutoka juu. Vali ikienda bila shida, basi ugonjwa haumo katika chombo bali katika mkono. Wanafunzi wengi hubonyeza vitufe kwa tumbo la kidole kilichonyooka, wakaisukuma pistoni ubavuni mwa silinda. Mafuta hayaponyi kosa hilo. Linaponywa na mkao sahihi wa vidole, vikiwa vimepinda kidogo kana kwamba vimeshika chungwa.

Utaratibu wa kusafisha

Kazi hii haihitaji karakana. Vinavyohitajika ni karai la maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya maji, mswaki laini ambao haujatumiwa kwa kazi nyingine, mafuta ya vali, na kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi. Kipande cha leso kuukuu iliyofuliwa mara nyingi hufaa sana. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu rangi angavu inayofunika matarumbeta mengi huweza kubambuka.

Kwanza, tandika taulo mezani ili pistoni isibingirike na kuanguka. Fungua kifuniko cha juu cha vali moja tu, kisha uivute pistoni ikiwa imenyooka, bila kuipinda. Fungua pia kifuniko cha chini. Shughulikia vali moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Huo ndio ulinzi bora dhidi ya kuzichanganya. Kifuniko kikikataa kufunguka, usikishike kwa koleo. Koleo hulibonyeza umbo la duara, na kifuniko kilichopoteza duara hakitafungika tena sawasawa.

Pili, suuza pistoni kwa maji yanayotiririka ili chembe zote zianguke. Jihadhari felti zisilowe. Felti iliyolowa huvimba, na ikivimba huubadilisha mwendo wa pistoni hata matundu yake yasilingane na mabomba. Kisha ioshe kwa maji ya sabuni, ukipitisha mswaki ndani ya matundu, maana humo ndimo uchafu hujificha. Suuza tena mpaka sabuni iishe.

Tatu, safisha silinda. Viringisha kitambaa juu ya kijiti laini cha mti, uhakikishe kwamba kijiti chote kimefunikwa, hasa ncha yake. Kipitishe kitambaa hicho kilicholowa maji ya sabuni kutoka upande hadi upande kwa mwendo wa kuzunguka, kisha kipitishe kingine chenye maji safi, kisha kikavu. Usitumie waya wala kijiti cha chuma kisichofunikwa.

Nne, pangusa pistoni mpaka ikauke, uishike kwa kijiti chake badala ya kuigusa mwili, kwa kuwa jasho la vidole nalo ni uchafu. Iinue penye mwanga na uitazame. Mistari mirefu iliyochorwa juu yake huonyesha kwamba imewahi kukwaruzwa. Madoa yenye rangi ya waridi au nyekundu kwenye mabomba ya shaba huonyesha kwamba zinki inatoka katika mchanganyiko wa metali na kuiacha shaba nyekundu peke yake. Madoa hayo hayapanguswi, muonyeshe fundi.

Tano, idondoshee pistoni matone matatu hadi matano ya mafuta, uizungushe ili yaenee pande zote. Iingize katika silinda yake, nambari ikielekea upande wa kipulizio, kama ilivyo katika matarumbeta mengi. Izungushe taratibu hadi kipande cha mwongozo kiingie katika mfuo wake; utasikia mlio mdogo, kisha pistoni itakataa kuzunguka. Funga vifuniko kwa vidole tu. Kabla ya kukaza kifuniko, kizungushe kwanza kinyume mpaka uhisi kimekaa mahali pake. Hivyo hutaharibu mizingo yake.

Sita, puliza. Hewa ikikataa kabisa kupita, usibonyeze kwa nguvu wala usiogope. Ama pistoni imeingia silinda isiyo yake, ama haijakaa katika mfuo wake. Itoe, soma nambari, rudia.

Suala la mafuta

Katika bendi nyingi zisizo na fedha, mafuta ya vali hukosekana na mafuta ya jikoni hayakosekani. Hapa ndipo nia njema huzaa unato. Mafuta ya kupikia na ya nazi hutokana na mimea, nayo yanapokaa hewani hubadilika polepole na kuwa mazito. Mafuta ya nazi yana kasoro nyingine ambayo kila mpishi anaijua: huganda yapatapo baridi, kwa kiasi cha nyuzi 24 za Selsiasi. Mpigaji wa Mombasa huenda asiuone ubaya wake mchana kutwa, lakini mwenzake wa Nairobi au Eldoret atakuta asubuhi kwamba vali zake zimegandamana. Mafuta mazito ya mgando ya kujipaka mwilini nayo hayafai katika vali, ijapokuwa mazito ya aina hiyo huweza kutumika katika mabomba ya kurekebishia sauti, ambayo hayahitaji kasi.

Mafuta ya cherehani ni bora kuliko ya jikoni, lakini ni mazito kuliko inavyohitajika, nayo huipunguzia vali kasi. Mafuta ya taa ni mepesi, ila yale ya kuwashia hayakusafishwa kwa ajili ya chombo kinachogusa midomo na kuvutia pumzi. Mafuta halisi ya vali ni mepesi, husafishwa kwa kazi hiyo, na chupa moja ndogo huhudumia tarumbeta kwa miezi kadhaa. Bendi ikiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, ni heri inunue hicho.

Mambo ya kumwachia fundi

Kusafisha kuna mipaka yake. Silinda iliyobonyea, kijiti kilichopinda, kifuniko kisichofunguka na pistoni iliyolika si kazi za mpigaji. Fundi wa ala za shaba ana vifaa vya kuirudisha silinda katika duara lake kwa vipimo vidogo sana. Pistoni iliyolika naye huweza kuirudishia unene kwa kuipaka upya nikeli, kisha kuilinganisha na silinda yake, lakini gharama yake huweza kuzidi thamani ya tarumbeta kuukuu. Vilevile, makala haya yamehusu vali za pistoni pekee. Baadhi ya ala, kama vile pembe ya Ufaransa, zina vali za kuzunguka. Hizo hutiwa mafuta bila kufunguliwa, na kuzifungua ni kazi ya fundi.

Zaidi ya yote, msasa, unga wa kung'arishia shaba na sufi ya chuma ya kusugulia sufuria havina nafasi katika vali. Kila kimoja huondoa metali, na metali iliyoondoka hairudi kwa kupanguswa.

Kinga

Mpigaji wa kila siku anafaa kutia matone machache ya mafuta kila anapoanza mazoezi, kuzipangusa pistoni mara moja kwa wiki, na kukiosha chombo kizima kila baada ya miezi miwili au mitatu. Asukutue mdomo kabla ya kupiga, hasa baada ya kula au kunywa kitu chenye sukari. Baada ya kupiga atoe maji yaliyokusanyika katika mabomba. Tarumbeta linalowekwa ghalani likizoni liwekwe likiwa safi na vali zake zikiwa na mafuta. Wakazi wa pwani wazingatie hilo zaidi, kwa kuwa hewa yenye chumvi huharakisha kutu. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bendi ya shule, ukuta huo ni tarumbeta jipya ambalo halitanunuliwa.

Hitimisho

Tukirudi katika swali la mwanzo, ujumbe uliotumwa siku ile ulikuwa na kitenzi kimoja, kusugua. Kusugua ni kupitisha kitu juu ya kingine kwa nguvu na kwa kurudiarudia ili kuondoa kilichogandamana. Anayeambiwa asugue hutafuta kitu kikali, na neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake makavu na makwaruzaji yalitumiwa kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani. Kusuuza ni kuondoa kwa maji. Kupangusa ni kuondoa kwa kitambaa, kwa wepesi. Kudondoshea ni kutia kidogo kidogo, tofauti na kupaka, ambako humfanya mtu achote kwa kidole. Laiti ujumbe ungesema "aisuuze, aipanguse, aidondoshee mafuta", usingekuwa mrefu sana, na mwanafunzi wa kidato cha tano angeuelewa bila kamusi.

Mwandishi anapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa tafsiri wanapopewa maelezo ya matumizi ya chombo chochote, wayatafsiri chombo hicho kikiwa mbele yao, na wavijaribu vitenzi vyao kwa mikono kabla ya kuviandika. Tafsiri inayosomeka vizuri mezani huenda ikamwelekeza msomaji kwenye karakana ya useremala. Pili, kila chuo au shule yenye bendi ibandike katika ghala lake la ala ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye vitenzi vinne vya maradhi na vitenzi vitatu vya tiba, kwa mpangilio wake. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wanachama wa chama chetu kwa alasiri moja, wakishirikiana na wapigaji wenyewe.

Tarumbeta lile la siku ya wazazi halitarudi. Lakini katika maghala mengi ya shule zetu yapo mengine yanayodhaniwa kuwa yamekufa, ilhali yamenata tu. Hayo yanangoja karai la maji ya uvuguvugu, kipande cha leso, na mtu anayejua tofauti kati ya kusugua na kupangusa.